Kaa wa Chupa ya Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Asubuhi ukungu, kisha manyunyu. Baridi ya kuingia kwenye mifupa. Stoo nyuzi kumi na tisa, unyevu umepanda tangu Ijumaa.

Nimeongeza spiriti rafu ya tatu na ya nne. Chupa sitini na mbili. Mbili zilikuwa zimekauka hadi nusu, mpira wa kifuniko umepasuka — nimebadilisha. Kamba wa rafu ya nne wamekuwa weupe kama nta. Spiriti hula rangi zote. Mwekundu, wa buluu, wa madoa, wote huishia rangi ya mshumaa. Baba alikuwa akisema kaa akishaingia kwenye chupa hana rangi wala hana kwao. Kwao ni ile karatasi ya lebo tu.

Saa nne Mkuu wa makumbusho alishuka stoo, jambo analolifanya mara mbili kwa mwaka. Alisimama mlangoni kwa sababu ya harufu. Alisema Daktari kutoka chuo kikuu anakuja kesho kumaliza suala la chupa ya arobaini na moja. Nikauliza kulimaliza vipi. Kulifunga, akasema. Misimu mitatu wamemtafuta yule kaa kwenye kijito cha msituni, hawajaona hata gando. Ijumaa ya wiki ijayo ataingizwa kwenye orodha ya viumbe waliotoweka.

"Kwa hiyo ipanguse vumbi," alisema. "Itapigwa picha."

Stoo yote ilikuwa ya Baba kwa miaka thelathini na mmoja, kabla haijawa yangu. Lakini chupa ya arobaini na moja ni yake kwa jina. Yeye ndiye aliyemwokota yule kaa, na profesa wa wakati ule alipomwandika kitabuni alimpa kaa jina la Baba, limegeuzwa kidogo mkiani kama wafanyavyo wao. Ni mmoja tu anayejulikana duniani. Jike, mpana kama kifuniko cha birika la chai, na chini ya tumbo lake lililokunjwa kuna watoto, wadogo kama punje za mtama. Watu wengine jina lao liko juu ya mlango wa duka. La Baba liko kwa kaa.

Sikumwambia Baba kitu. Jioni alikula vizuri. Aliniuliza mara tatu kama Mama amerudi. Huu mwaka wa saba tangu tumzike.

Nililala saa nne. (Saa ya kulala huijaza asubuhi inayofuata, kama alivyonifundisha yeye.)


Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Bomba la paa limeziba tena.

Daktari ni mwanamke, mdogo kuliko mimi kwa miaka kumi hivi, viatu vya tope, mkoba wa mgongoni. Hakuziba pua. Alipita rafu moja moja kama mtu anayesalimia msibani. Rafu ya kwanza: wale wanaoganda kwenye mawe na kwenye matumbo ya mashua, vikonyo vya chokaa tu ukiwaona, wala hujui kama ni ndugu wa kaa mpaka umwone mtoto wao anavyoogelea. Rafu ya pili vile vidudu vya kijivu vinavyojikunja mviringo chini ya vyungu vya maua — nao ni ndugu, walihamia nchi kavu. Kisha kamba. Kisha wale waishio ndani ya makombe ya konokono.

Rafu ya sita alisimama. "Nani aliwatenga hawa na kaa wenzao?"

Nikamwambia ni Baba. Wanafanana na kaa kwa kila kitu, lakini hesabu miguu: nyuma ya magando kaa halisi ana jozi nne za kutembelea, hawa zinaonekana tatu. Ni ndugu wa wale wa kwenye makombe, waliojifunza kuwa kaa baadaye.

Alicheka kidogo. "Ni kweli. Umbo la kaa limezuka mara kadhaa, kwa koo mbalimbali. Bapa, gumu, mkia umekunjwa chini, unajipenyeza popote. Ni kama nyumba za mtaa huu. Hazina baba mmoja, ila mvua ni moja, basi paa zote zimeinama upande mmoja."

Kisha tukafika kwenye ya arobaini na moja. Aliiinua kwenye mwanga kwa muda mrefu.

Alinieleza nisichokijua, au nilichokijua nusu. Kaa wa baharini humwaga watoto wake majini kwa maelfu, wanaelea mbali wakiwa bado hawana sura ya kaa. Kaa wa maji baridi hawezi kufanya hivyo, kijito kingewachukua wote. Kwa hiyo hutaga mayai machache, makubwa, na mtoto hutoka akiwa kaa kamili, na mama humbeba tumboni mpaka aweze. Hawaendi mbali. Kilima hiki kina wake, kilima kile kina wake, kwa maelfu ya miaka. "Ukikosa kijito kimoja," alisema, "umekosa ukoo mzima."

Akageuza chupa. "Lebo hii ni mwandiko wa mzee?"

"Ni wangu. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Likizo ya shule."

Akanakili: kijito cha msituni. Kisha akanakili ya chupa ya arobaini na mbili, iliyo jirani, ya kaa wa kawaida anayepatikana kila mahali: kijito cha nyuma ya machimbo. Alisema ile ya arobaini na mbili ndiyo iliyowapa watu wa machimbo ya kokoto kibali cha kukifukia kijito chao. Kama kule kuna kaa wa kawaida tu, hakuna wa kumlilia.

Mikono yangu ilikuwa baridi. Nikasema ni spiriti.

Nililala saa sita.


Jumatano, 5 Machi

Mawingu, hakuna mvua. Daktari ameondoka asubuhi kwenda msituni, wiki nzima, kutafuta kwa mara ya mwisho. Kule simu haishiki.

Nitaandika ilivyokuwa, kwa utaratibu.

Mwaka ule ofisi ilinunua kalamu mpya za wino. Wino ulianza kuyeyuka ndani ya chupa. Baba alinipa penseli na karatasi ngumu, ninakili lebo zote za rafu ya saba upya. Kanuni ilikuwa moja: chupa moja, karatasi moja. Usifungue ya pili kabla hujafunga ya kwanza. Aliirudia mpaka nikachoka.

Siku ya tatu nilitaka kuwahi mchezo wa mpira wa pete shuleni. Nilifungua mbili pamoja. Nikatoa karatasi zote mbili zilizolowa, nikazitandaza kwenye gazeti dirishani. Upepo ulipita. Moja ilianguka sakafuni, nyingine ikageuka. Wino ulikuwa umebaki kivuli — maneno yalisomeka, namba za chupa hazikusomeka. Kaa wawili mbele yangu, wa kahawia wote wawili, wadogo wote wawili. Nikasema moyoni hii ni ya huyu. Nikaandika. Nikafunga. Nikakimbia, na tulifungwa mabao mengi.

Sijawahi kumwambia mtu. Sijajiambia hata mimi. Miaka ishirini na sita nimepita mbele ya rafu ile nikitazama rafu ya nane.

Saa ya kulala sikuitazama.


Alhamisi, 6 Machi

Jua la vipindi. Upepo unaleta vumbi la kokoto mpaka kwenye kamba ya nguo.

Huenda nilibahatisha sawa. Nusu kwa nusu. Nimejishika hapo kutwa nzima.

Jioni Kaka alikuja kumwona Baba. Kaka ndiye mwendeshaji wa kijiko kwenye machimbo — ile mashine kubwa ya kuchimba. Ana miaka tisa juu yake. Aliingia na vumbi lake jeupe kwenye nyusi, akakaa, akavua buti moja.

"Bi Chupa. Nasikia kaa wa mzee amekufa rasmi."

"Bado. Ijumaa ijayo."

"Makubwa. Hata kifo chake kina miadi."

Baba akacheka, sijui alicheka nini. Kaka alieleza kwamba Alhamisi ijayo wanahamia ng'ambo ya kijito. Mwamba wa upande huu umekwisha. Bila ng'ambo watu arobaini wanarudi nyumbani, naye mmoja wao. Kazi ya kwanza ni kukifukia kijito ili lori zivuke, na kijiko kitakachofukia ni chake. Asubuhi moja tu, alisema, kabla ya chai kimekwisha.

Alipoondoka nilitoa sanduku la Baba uvunguni. Madaftari ya porini kumi na manne, yamepangwa kwa tarehe. Nilijua ninachotafuta. Lebo hubeba mahali tu. Daftari hubeba kila kitu, hata hali ya hewa.

Nimelipata. Daftari la tisa. Nanakili kama lilivyo:

"Nyuma ya machimbo. Maji yanapotokea chini ya jiwe lenye mgongo. Kaa mmoja, jike, watoto tumboni. Ncha za magando rangi ya chungwa, kama amechovya. Sijawahi kumwona wa hivi."

Na ukurasa wa nyuma yake: "Msituni. Kaa mmoja, dume, wa kawaida."

Ndani ya chupa ya arobaini na moja yuko jike mwenye watoto. Watu wamemtafuta misimu mitatu mahali ambapo hajawahi kuishi. Na anapoishi, kuna kaka yangu na kijiko chake.

Nililala saa nane. Au nilifumba macho.


Ijumaa, 7 Machi

Joto. Nimempigia Daktari mara tisa. Hapatikani.

Nimefanya rafu ya tano. Chupa thelathini. Kila moja nimeisoma mara mbili.


Jumamosi, 8 Machi

Ukungu mpaka saa tatu, kisha jua dhaifu.

Nilimwacha Baba kwa jirani, nikaenda kwenye kijito. Nilizunguka kwa nyuma, mlinzi asinione. Mita mia moja za mwisho ni vichaka vyeupe tupu, kama miti imezeeka kwa siku moja. Kijito chenyewe unaweza kukivuka kwa hatua tatu. Maji rangi ya maziwa yaliyotiwa maji mengi. Vumbi la kokoto limetanda chini kama unga, na kila jiwe nililoinua lilitoa moshi ndani ya maji.

Niliinua mawe kwa mpangilio, kutoka chini kwenda juu, nikiyarudisha yalivyokuwa. Saa mbili nzima. Kaa hakuna. Konokono wawili. Kipande cha mpira wa lori.

Jiwe lenye mgongo lipo. Baba hakukosea hata umbo lake. Chini yake maji yanatoka ardhini, na pale tu, kwa upana wa sinia, ni safi, unaona mchanga ukicheza. Nikaingiza mkono.

Alikuwa pale. Mguu mmoja hana, mengine yote kamili. Ncha za magando rangi ya chungwa, kama amechovya. Nilimtoa akaja bila kujikunja, mwepesi, macho wazi, hatikisiki. Nikamlaza kwenye kiganja. Nikamwita kwa jina la Baba. Kisha nikakaa juu ya jiwe lile, sijui kwa muda gani, maana nilimpata na nilikuwa nimechelewa, na vyote viwili ni kazi ya mkono wangu.

Nimemleta nyumbani ndani ya kopo la kahawa, juu ya majani mabichi. Sikumtia spiriti. Sikuweza.

Nililala saa tisa.


Jumapili, 9 Machi

Mvua kidogo alfajiri. Baadaye kijivu tu.

Baba alikuwa ameketi barazani asubuhi, ameinua chungu cha maua, anawatoa vidudu vya kijivu na kuviweka kiganjani vijikunje. Hufanya hivyo kila siku siku hizi. Vikifunguka anacheka, vikijikunja anangoja. Jina langu mara nyingi hana, lakini jozi saba za miguu yao anazo.

Nilimletea chai na lile kopo. Sijui kwa nini. Nadhani nilitaka amwone kabla sijamfunga.

Alichungulia. Akaweka kikombe chini, polepole. Akamtoa yule kaa kwa vidole viwili, kwa nyuma, kama alivyokuwa akitufundisha, japo huyu asingeweza kumbana mtu. Akamgeuza. Akapitisha ukucha wa kidole gumba nyuma, pale gamba la mgongo linapokutana na tumbo — likafunguka. Kama kifuniko cha sanduku. Ndani hamna kitu.

"Nani kakuambia huyu amekufa?"

Nikachungulia ndani ya gamba.

"Maiti ina nyama. Maiti inanuka. Huyu ametoka." Akanionyesha, sauti ile ile ya zamani, ya stoo. Hata ngozi ya juu ya jicho ameiacha. Hata utando wa ndani ya tumbo, ule wa kusagia chakula. Ametoka kinyumenyume kwenye miguu yote, mmoja mmoja, kama mtu anayevua suruali iliyobana. "Gamba ni jipya hili, bado halijaanza kukatika. Mwenyewe yuko hapo hapo, laini kama mkate uliolowa. Kajificha. Hali, hapigani, anangoja agande. Usiende kumgusa kabla ya siku nne, utamuua kwa kidole."

"Na mguu uliokosekana?"

"Ulikatika zamani, chini ya jiwe labda. Sasa anao mwingine, mdogo. Ndiyo faida ya kujivua."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamuuliza yule mwenye watoto tumboni alimpata wapi. Alinitazama kama nimeuliza barabara ya kwenda chooni.

"Si kule nyuma ya machimbo? Nilikuambia."

Hajawahi kuniambia. Lakini nilishika mkono wake, na alikuwa ananiangalia mimi, mimi mwenyewe, sina shaka. Dakika tano, pengine sita. Kisha akaniomba chai, na chai iko mbele yake. Kisha akauliza Mama amerudi.

Nililala saa tano. Usingizi mzito. Wa kwanza wiki hii.


Jumatatu, 10 Machi

Mvua kubwa saa kumi na mbili, ikakatika ghafla.

Nilimsubiri Mkuu mlangoni kwake. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama nilivyoandika hapa. Nikaweka daftari mezani, na kopo. Alilisogeza kopo kwa kalamu.

Kisha akauliza tuna chupa ngapi.

"Elfu mbili na mia nne kumi na sita."

"Ukitoka hapa ukasema moja imekosewa, nani ataamini iliyo jirani yake? Na ya jirani yake? Kazi ya baba yako yote. Miaka thelathini."

"Ndiyo maana nimekuja kusema, Mkuu. Ili zilizobaki ziaminike."

Akasema profesa amekufa, kitabu kimeshachapwa, mzee hajitambui, shahidi ni mtoto wa shule wa miaka ishirini na sita iliyopita. Gamba tupu ndani ya kopo la kahawa! Akasema watu wangecheka, na wangecheka jina la baba yangu, lililo kwa kaa. Halafu akalegeza sauti. Nimechoka, akasema. Mzee ananilemea. Nichukue likizo.

"Acha funguo."

Nimeziacha. Nne: mlango wa nje, mlango wa ndani, kabati la spiriti, chumba cha vitabu. Pete inayozishika ni ya Baba. Nilipotoka nilikumbuka rafu ya sita sijaongeza.

Saa ya kulala: saba.


Jumanne, 11 Machi

Jua. Siku ya kwanza miaka kumi na miwili sijui stoo ni nyuzi ngapi.

Nilimwosha Baba, nikafua, nikapanga madaftari upya kwenye sanduku. La tisa nililifungua tu, bila sababu. Kuna karatasi za mwisho sikuzifikia Alhamisi. Nilidhani ni tupu. Penseli, hafifu, tarehe ni ya mwaka mmoja baadaye, siku kitabu cha profesa kilipofika:

"Kitabu kimefika. Jina langu limo. Kijito sicho. Nimetazama chupa, ni lebo za binti. Nikisema, watamzuia asikanyage stoo tena, naye anaipenda. Bado nafikiri."

Basi. Chini yake hakuna kitu. Kurasa sita nyeupe.

Alijua. Miaka kumi na mitatu, mpaka alipostaafu, alipita mbele ya rafu ile ile, na yeye akitazama ya nane.

Nimekaa na daftari mapajani mpaka jua likahama. Baba alikuwa barazani na vidudu vyake. Nilitaka kumuuliza kama alimaliza kufikiri. Nikamfunga vifungo vya shati, alikuwa ameruka kimoja.

Nililala saa sita.


Jumatano, 12 Machi

Asubuhi mawingu mazito, hewa imesimama.

Saa nane mchana simu iliita. Daktari. Ameshuka kutoka msituni, hakuona kitu, alikuwa kwenye basi anarudi kuandika ripoti. Nilisema kwa pumzi moja. Lebo, upepo, mpira wa pete, daftari, jiwe lenye mgongo, gamba.

"Dada, hilo gamba unalo?"

"Ninalo."

"Ulipolifungua, matamvua yametoka pamoja nalo? Ile mistari kama kitana?"

Nikaenda kutazama. Yapo. Meupe, membamba kuliko nywele, ngozi tupu bila nyama.

Nilisikia akimwambia dereva asimamishe gari.

Alifika hapa saa kumi na mbili jioni, tope mpaka magotini. Alilitazama gamba kwa lenzi. Alisoma daftari, kurasa zote mbili, na ile ya penseli nilimwonyesha pia. Hakuna kitu nimemficha. Mwishoni akasema anaamini. Lakini kuamini kwake si kitu kesho. Gamba linaweza kuletwa na yeyote, kutoka popote. Akimwona mzima, pale pale, akampiga picha na jiwe, anaweza kupata amri ya kusimamisha — siku mbili, labda tatu. Siku nne za Baba zinatimia kesho.

Na kijiko kinaanza kesho saa moja asubuhi.

Tumekubaliana tutoke saa kumi na moja, gizani, tufike kunapopambazuka. Amelala kwenye kochi la sebuleni, na viatu vyake.

Kaka alikuja saa mbili. Alimkuta Daktari, alikuta daftari liko wazi, na mimi sikuwa na nguvu ya kuzunguka. Nikamwambia kama ilivyo.

"Bi Chupa," alisema. "Kaa ana miguu kumi. Mimi nina miwili, na watoto watatu. Tuhesabu vizuri."

Nilimwambia simwombi kitu. Nilimwambia ninajua ni watu arobaini. Nilimwambia kosa ni langu, si lake wala la kaa.

"Hata mimi kosa si langu. Ninachojua ni kuvuta mkono wa mashine." Alisema kwa sauti ya chini ili asimwamshe mgeni. "Nisipofukia mimi, atafukia mwingine."

"Najua."

Alisoma ukurasa wa penseli. Kaka hasomi haraka. Alifuata mstari kwa kidole chenye vumbi, akafika mwisho, akarudi juu, akausoma tena. Kisha akaenda chumbani kwa Baba, wakakaa gizani wawili. Nilisikia Baba akimweleza mtu namna ya kumshika kaa bila kubanwa. Kwa nyuma, vidole viwili. Kaka akiitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee.

Alipotoka hakuniaga. Nilisikia buti zake mpaka kona ya barabara.

Nilipokuja kufunga daftari ndipo nilipouona. Ufunguo wa kijiko, wenye kipande chekundu cha mpira, uko mezani juu ya ukurasa wa Baba. Sijui ameusahau au ameuacha. Kaka hasahau ufunguo. Ila huwa anaurudia akiusahau, na saa kumi alfajiri huwa tayari yuko njiani kwenda kazini.

Sijaugusa.

Alhamisi alfajiri, saa kumi na nusu, giza, ukungu mzito. Daktari anafunga kamba za viatu. Baba ameamka mwenyewe, amevaa koti, anauliza tunakwenda wapi bila yeye. Saa kumi imepita na ufunguo bado uko mezani. Nililala saa nane kasoro robo.